Pamba na Kupamba: Dhamira katika Sherehe za Nyumbani za Busia na Tororo

Neno 'dhamira' ni chombo tukishikacho kila siku darasani. Tunamwuliza mwanafunzi dhamira ya tamthilia aliyoisoma, naye akitujibu kwamba dhamira yake ni nyekundu na nyeupe, kwa kuwa ndizo rangi za mapazia ya jukwaani, tunamrudisha kitabuni akasome tena. Hata hivyo, katika miji ya mpakani ya Busia na Tororo jawabu la namna hiyo limepigwa chapa katika kadi za mwaliko, limelipiwa, na limesambazwa kwa watu wazima wenye elimu zao. Kadi humwita jirani kwenye siku ya kuzaliwa ya mtoto au mahafali ya binti, kisha chini yake huandikwa, aghalabu kwa Kiingereza: dhamira, zambarau na dhahabu. Makala haya yanakusudia kuzihakiki sherehe hizo kama tuhakikivyo maandishi. Tunaona kuwa zinastahili, maana sherehe ya nyumbani nayo ina mtunzi na hadhira, ina fani na maudhui. Tena ina gharama ambayo shairi halina.

Kwa msomaji aliye mbali na sehemu hizi yafaa tuseme kwamba Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili: nusu yake iko Kenya, nusu Uganda. Tororo iko ndani zaidi ya Uganda, chini ya jabali lake mashuhuri, karibu na Malaba ambako reli na barabara kuu huvuka. Wateso na Wasamia wako pande zote mbili. Wajopadhola wana makao yao Tororo. Jina la boda boda, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa huku, baiskeli zilipokuwa zikipakia abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Tangu Februari 2018, kituo cha pamoja cha mpaka kilipofunguliwa rasmi Busia, msafiri hukaguliwa mara moja tu, upande ule anaoingia. Kwa hiyo sherehe ya nyumbani katika miji hii haikosi wageni wa nchi mbili, wenye shilingi mbili zisizolingana thamani, na lugha nne au tano juu ya mkeka mmoja. Hadhira kama hiyo ni utajiri kwa mtunzi yeyote. Ndiyo maana inatusikitisha kuona ikiandaliwa jambo ambalo lingeweza kuandaliwa popote duniani.

Tuitazame kwanza fani. Sherehe ya mtindo huu huanza kwa mpambaji wa kukodiwa. Huleta pazia la kung'aa la kutundikwa nyuma ya meza, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa na kufungwa tepe, maputo ya rangi mbili, na keki ya rangi hizo hizo. Watoto huambiwa waje wamevaa kama wahusika wa filamu za katuni za Marekani. Jioni mpambaji huvikusanya vitu vyake, kwa sababu kesho vinatakiwa nyumba nyingine. Hatumlaumu, anafanya kazi yake kwa unadhifu, na wengi wa wapambaji hao ni vijana waliojitafutia riziki walipoikosa kwingineko. Tunachosema ni kwamba matini ile ile husomwa leo kwa mtoto wa miaka mitano, kesho kwa bibi arusi, keshokutwa kwa mzee anayestaafu, pasipo kubadilika hata nukta. Mwalimu akiletewa insha tatu za wanafunzi watatu zenye maneno yale yale, anajua la kufanya.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Krismasi. Tawi la saipresi hukatwa, likasimamishwa katika ndoo ya mchanga, likatundikwa kadi na maputo, kisha likatapakazwa vipande vya pamba ili lionekane limeangukiwa na theluji. Nje jua la Desemba linawaka. Lugha yetu imetupatia hapa kichekesho cha bure, kwamba watu wanapamba kwa pamba. Lakini pamba si neno jepesi katika nchi hii. Zao hilo lilianza kulimwa Uganda kwa biashara mwaka 1903, na baadaye wilaya za mashariki, Teso na Bukedi, zikawa miongoni mwa sehemu zake kubwa. Upande wa Kenya lililimwa Samia, ambako kiko kinu cha kuchambulia pamba cha Mulwanda. Wazee walilipa kodi kwa fedha za pamba, wakasomesha watoto kwa fedha za pamba, wakanung'unika mbele ya mizani ya pamba. Leo mjukuu wao anainunua katika duka la dawa, imefungwa bunda, ili isimame badala ya kitu ambacho hapana mtu wa ukoo wake aliyepata kukishika mkononi.

Hatusemi kwamba theluji ni mwiko. Afrika Mashariki inayo, Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori, na barafu ya milima hiyo yazidi kupungua mwaka hata mwaka. Mlima Elgon, ulio jirani wa Tororo na wenye urefu wa mita 4,321, hauna barafu ya kudumu. Familia itakayo dhamira ya theluji ingeweza kuwaeleza watoto hayo, na mti wao ungekuwa umesema neno. Pamba iliyotapakazwa kwa mazoea tu ni ishara iliyopotelewa na maana. Na ajabu ni kwamba maana nyingine, iliyo kubwa kuliko ile ya theluji, imelala ndani ya pamba yenyewe. Pengine nyumbani humo yuko bibi aliyechuma pamba utotoni. Angeulizwa mbele ya mti huo pamba ilikuwa ikichumwa vipi, ikibebwa na nani, ikilipwa bei gani, sherehe ingepata maudhui kwa gharama ya swali moja.

Na tukimtaja bibi, tunafika kwenye jambo linalotukera zaidi. Rangi za kadi ni amri. Mwenye uwezo hushonesha. Asiye nao, siku hiyo huumwa kichwa. Bibi aliyetoka kijijini na gomesi yake moja ya heshima, ya kijani, hupokewa kwa adabu zote: "Karibu, mama, pole kwa safari," kisha huonyeshwa kiti cha nyuma, au hupelekwa jikoni akapumzike, kwa kuwa kijani kile kitaharibu picha. Tumeyaona hayo zaidi ya mara moja, katika nyumba za watu wema. Hapana mtu aliyekusudia kumdhalilisha. Mwenye nyumba ameazima dhamira isiyokuwa na pa kumweka mzazi wake, wala hajaitambua kasoro hiyo kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye maputo. Baadhi ya nyumba hizo, tuongeze, ndizo zinazokuja Januari kuomba muda wa kulipa karo. Hatutaki kuingia sana katika mifuko ya watu, lakini mhakiki hawezi kujifanya haoni.

Huenda msomaji amekwisha kudhani kwamba tunaelekea kusema kila kigeni kitupwe. Sivyo. Gomesi yenyewe ina asili ya mchanganyiko: yasimuliwa kwamba ilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lake latokana na Gomes, fundi cherehani Mgoa wa Kampala. Leo ndiyo vazi la heshima la mama wa Uganda, na mtu akiita gomesi nguo ya kigeni atachekwa. Vivyo hivyo vile vitambaa vya kufuma kwa sindano ya kulabu, vinavyotandikwa juu ya viti na redio katika karibu kila sebule ya huku. Kufuma kwa kulabu si ufundi wa mababu. Lakini mwanamke aliyekaa barazani miezi mitatu akifuma, akachagua ua la kila kona, akatoa seti moja kwa binti anayeolewa na nyingine kwa mama mkwe, amekuwa mtunzi kamili; kazi yake inasomeka, na msomaji wake anajua imeandikwa na nani na kwa ajili ya nani. Asili ya kitu haitoshi kutuambia thamani yake. Tunauliza kama mwenye nyumba amesema lolote kwa kitu hicho, au amekisimamisha tu kisimame.

Wenzetu wa pwani watatukumbusha kwamba hata sare katika sherehe si jambo la jana. Ni kweli. Tangu miaka ya 1890 ngoma ya beni ilivaa magwanda ya kijeshi na kujipa vyeo vya kijeshi na vya kifalme, nayo ikaenea kutoka pwani hadi bara; Terence Ranger aliandika historia yake mwaka 1975. Mombasa palikuwa na Kingi na Skochi, makundi mawili yaliyoshindana kwa mavazi na nyimbo, na wanawake walikuwa na vyama vyao vya lelemama, ambavyo Margaret Strobel alivieleza katika kitabu chake cha mwaka 1979. Mashindano hayo yaligharimu sana, na yapo malalamiko ya zamani juu ya watu waliojifilisi kwa ajili ya ngoma. Hatuyatetei hayo. Hata hivyo yafaa tutofautishe: sare ya beni ilikuwa na tafsiri. Mtu mweusi aliyevaa gwanda la afisa wa Kiingereza na kujiita jenerali mbele ya afisa mwenyewe alikuwa akisema jambo, ama kwa kejeli ama kwa kutamani, na wataalamu wanabishana hadi leo alikuwa akisema nini. Zambarau na dhahabu za Busia haziwezi kuleta ubishi wa namna hiyo.

Huku kwetu mpakani mfano wa sherehe yenye dhamira upo, nao ni mkongwe kuliko mpaka wenyewe. Ni mtungi wa pombe ya wimbi, ambayo Wateso huiita ajon na Wajopadhola huiita kongo. Mtungi mmoja huwekwa katikati, maji ya moto yakaongezwa kila yanapopungua, na watu wakakaa kuuzunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio kilichosukwa nchani. Ivan Karp, mwanaanthropolojia aliyechapisha kitabu juu ya Wateso wa Kenya mwaka 1978, aliandika mwaka 1980 makala mahususi juu ya unywaji huo. Alieleza kwamba una adabu zake, kwa mfano mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto, na mahali pa kukaa hufuata ukwe na umri. Alionyesha pia kwamba mtungi ule hukusanya ukarimu na shaka kwa pamoja: wanaokunywa chungu kimoja wanatangaza kuaminiana, na kutangaza huko kunahitajika kwa sababu kuaminiana si jambo rahisi kati ya jirani na jirani. Tazameni basi jinsi fani na maudhui vilivyoshikana. Chombo ni kimoja kwa kuwa watu wanataka kuwa wamoja. Mirija ni mingi kwa kuwa wao ni wengi. Wageni hawadaiwi rangi, na mwenye mrija ana mahali pa kukaa.

Hatupendekezi watoto wapewe pombe, wala hatuwalazimishi wale ambao dini zao zaikataza. Lakini mzazi wa Tororo anayetafuta dhamira kwa siku ya kuzaliwa ya mwanawe ana nini cha kumzuia asiweke mtungi wa uji wa wimbi uliopoa, na mirija ya matete iliyooshwa vizuri, na kumwomba babu awafundishe watoto adabu za kukaa? Mwalimu wa afya atauliza habari za mate. Basi kila mtoto apewe kibuyu chake. Dhamira itapungua kidogo, lakini hatutaki ugomvi na mwalimu wa afya.

Ama kuhusu kazi za mikono za kupambia na za kutoa zawadi, mali ghafi iliyoko huku ni tele. Mafunjo hukua katika mabwawa ya Sio na Siteko, ambayo nayo yamekatwa kati na mpaka, na ndiyo yanayosukwa mikeka. Magome makavu ya mgomba hutoa vikaragosi na mipira. Wavulana wa pande zote mbili ni mafundi wa magari ya waya yenye magurudumu ya vizibo vya soda au ya soli za kandambili zilizokatwa kwa wembe. Gari zuri la namna hiyo lina usukani mrefu unaofika mkononi mwa dereva asimamaye, na magurudumu ya mbele hupinda kweli. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, iliondoa bila kujua mali ghafi kuu ya mpira wa mtaani. Fundi mdogo wa upande huo amebakiwa na magome ya mgomba na matambara, vitu ambavyo babu yake anavifahamu kuliko yeye. Hapo pana somo zima la nyumbani kwa familia inayotaka kulitumia.

Kazi tunayoipenda zaidi kwa nyumba za walimu ni shanga za karatasi, ambazo wanawake wa Uganda wamezipatia sifa nchi za mbali. Karatasi ya kalenda au ya gazeti hukatwa vipande virefu vya pembetatu, upana wa kidole upande mmoja na ncha kali upande wa pili. Huanzwa kuviringishwa kutoka upande mpana juu ya kijiti chembamba, ikipakwa gundi, hadi ncha ikamalizikia katikati ya ushanga. Ndipo ushanga hupata tumbo katikati na kuchongoka pande zote mbili. Zikikauka hupakwa vanishi. Gundi haina haja ya kununuliwa, maana uji mzito wa unga wa muhogo hushika vyema, na muhogo ndio chakula cha kila siku cha sehemu hizi. Mkufu wa mama uliotengenezwa kwa kurasa za daftari la mtoto la darasa la kwanza, herufi zake za kupinda zikionekana hapa na pale, ni zawadi yenye dhamira ambayo hapana duka litakaloiuza.

Walakini tusije tukasifu kila kilichotengenezwa nyumbani kwa sababu tu hakikulipiwa. Urahisi wa bei si sifa ya kisanaa. Tumeona maua yaliyokatwa kutoka chupa za plastiki na kupakwa rangi ya kunukia, ambayo mtu angeweza kuyakwepa kwa kutoka nje na kuchuma maua yenyewe. Tumeona pia mapambo ya karatasi za mifuko ya saruji, jambo la kutazamiwa Tororo penye kiwanda chake cha saruji. Karatasi hiyo ina rangi nzuri ya udongo na haichaniki upesi, lakini vumbi lake halifai karibu na chakula wala macho ya watoto, na kulipangusa mara moja hakutoshi. Kazi mbaya ya mikono hubaki kuwa mbaya. Mtoto huijua haraka kuliko sisi, ila huona haya kumwambia mama.

Limebaki suala la lugha, nalo si dogo kwa chama chetu. Sherehe hizi hufunguliwa kwa kadi ya Kiingereza, huongozwa na mshereheshaji wa Kiingereza, kisha sahani zinapofika watu hurudi kwenye Kiteso, Kisamia, Kidhopadhola na Kiswahili. Upande wa Kenya Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa katiba ya mwaka 2010. Upande wa Uganda njia imekuwa na mawe. Mwaka 1973 utawala wa Idi Amin ulikitangaza kuwa lugha ya taifa, na wazee wengi walikisikia kutoka vinywani mwa askari. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikiweka kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Amri na masomo havitoshi kukiondolea harufu ya kambi. Lugha huzoeleka palipo na keki, uji, na shangazi anayetania. Mwalimu wa Tororo anayefundisha msamiati wa mapambo, yaani utepe, puto, ushanga, kulabu, mkeka, mrija, kwa watoto wanaoviunda vitu hivyo kwa mikono yao, anafanya kazi ambayo kitabu cha kiada hakiwezi kuifanya.

Siku ya Kiswahili Duniani, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 7 Julai 2022, huadhimishwa zaidi kwa hotuba na maandamano. Tungependa kuona mwaka mmoja walimu wa Busia mbili wakiiadhimisha majumbani: nyumba tatu upande huu, nyumba tatu upande ule, kila moja na dhamira yake, iwe pamba, au mtungi, au baiskeli za mpakani. Kadi iandikwe kwa mkono, nyuma ya karatasi ya kalenda iliyopitwa na wakati, kwa Kiswahili kisicho na madoido. Pasipo na rangi ya kuvaliwa, palipokuwa patajwe rangi paandikwe kitu cha kuletwa: mbegu chache za pamba, au picha ya zamani, au mrija. Gundi ya muhogo ipikwe siku iliyotangulia, na ifunikwe, maana mende huipenda sana.